Picha Iliyopewa Radhi

Tegeni sikio, jamaa zangu, na mwenye jibu asilifiche.

Pangani walikuwepo watu watatu. Jumbe, mpiga picha wa mitaani, alijaliwa jicho: alikiona kicheko kabla hakijafika mdomoni. Mwatima alijaliwa sikio: neno ukimwachia, hulikuti limepungua. Na baba yake, Mzee Kombo, alijaliwa kutunza ahadi.

Mke wa Mzee Kombo, Bi Mwanamkuu, hakukubali kupigwa picha maisha yake yote. "Sura yangu ni amana ya Mola," alisema. "Nikifa, Kombo, usinitundike ukutani kama kalenda." Mzee Kombo akamwahidi.

Siku moja Bi Mwanamkuu alikuwa mlangoni akiuza vitumbua. Akacheka hadi mtandio ukateleza. Jumbe akampiga picha.

"We mwana! Hata nyumba hupigwa hodi! Futa!"

"Nimefuta, bibi."

Hakufuta. Mkono ulimgomea.

Bibi alipougua, Jumbe alimwendea kitandani. Mzee Kombo alikuwa msikitini. Mwatima alikuwa akimkanda mama yake miguu.

"Bibi, nilikudanganya. Ile picha ninayo."

Bi Mwanamkuu akamtazama sana. "Nimekupa radhi," akasema. "Haya, kanywe chai, umekonda."

Siku ya pili akarejea kwa Mola wake.

Baada ya hitima ya arubaini, Jumbe aliisafisha picha, akaileta ndani ya bahasha, akaiweka mkekani mbele ya Mzee Kombo, akamweleza yote.

"Baba, mama alikubali," alisema Mwatima. "Alitamka radhi, nilisikia."

"Mimi alinisamehe tu," alisema Jumbe. "Kusamehewa kosa si kuruhusiwa kosa. Ichome, babu."

Mzee Kombo aliivuta bahasha karibu. Hakuwaambia kwamba siku hizi, akimtafuta mkewe moyoni, sauti huja, mikono huja, uso hauji.

"Fungua, baba."

"Nikifungua, mwanangu, huenda ninavunja ahadi yangu. Nikichoma, huenda ninachoma radhi yake."

Akaishika bahasha. Chetezoni makaa ya ubani yalikuwa bado mekundu.

Bila jicho la Jumbe, sura ile isingebaki duniani. Bila sikio la Mwatima, neno la marehemu lingekosa shahidi. Bila ahadi ya Mzee Kombo, picha ingetundikwa ukutani siku hiyo hiyo. Basi niambieni, ni nani kati yao mwenye haki ya kuamua? Na wewe, bahasha ikiwa mkononi mwako, ungeamua vipi?