Mkeka wa Nane

Palikuwa na Sultani mmoja, Seyyid Humud, aliyedai wafu wamwombe radhi. Msicheke, ndiyo kwanza naanza. Na nyie mnaonung'unika kila lango la reli likifungwa, ati linawachelewesha sokoni, tulieni msikie lilivyopatikana.

Sultani huyu alinunua gari moshi, akatandika reli kati ya nyumba za watu na kisima chao. Lango hakuweka. Mlinzi hakuweka. Filimbi ilikuwepo, lakini gari lilipita saa yeye amejilaza, tumbo limejaa wali, basi akaipiga marufuku. Usingizi wa mtu mmoja ukawa sheria ya nchi.

Miezi sita, watu saba wakasagwa. Wa saba alikuwa Faki, anarudi na mzigo wa ukindu kichwani, haoni kulia wala kushoto, na masikio hayakuambiwa kitu. Mkewe Mashavu, msusi wa mikeka, alimpenda mumewe na hakuona haya kulisema. Alilia mpaka sauti ikakauka. Kisha akafuta uso, maana binti yake Mize bado alikuwa anavuka palepale kila asubuhi kwenda kuteka maji.

Wafiwa wakaungana, wakapeleka ombi: lango na filimbi, basi. Jibu likaja kwa mpiga mbiu:

"Reli ni nyumba ya Sultani! Waliokufa humo waliingia nyumbani mwake bila kupiga hodi! Ijumaa jamaa zao waje barazani wawaombee radhi! Na marufuku kuwawekea matanga!"

Loo! Umuue mtu, kisha umdai adabu!

Ijumaa ikafika. Jumba limepambwa kila pembe, kwa kuwa Jumapili Sultani alikuwa anamwoza bintiye wa pekee kwa kijana wa kitajiri wa upande wa kisimani. Mawaziri wamekaa, wanatafuna halua. Mara wafiwa wakaingia, Mashavu mbele, kila familia na mkeka begani. Yeye amebeba miwili. Wakatandika mikeka saba katikati ya ukumbi, wakakaa, wakajifunika kanga.

"Nini hii?" akauliza Sultani.

"Matanga, Bwana," akasema Mashavu. "Tumekuja kukupa pole."

"Pole ya nini? Mimi sijafiwa!"

"Umefiwa, Bwana, tena mara saba. Si umesema reli ni nyumba yako? Kwetu mtu akifia nyumbani mwa mtu, tanga huwekwa kwa mwenye nyumba, naye ndiye apewaye mkono wa pole. Lete mkono."

Sultani akauficha mkono chini ya joho, ati asije akashikwa.

"Nimepiga marufuku matanga ya watu hao!"

"Umetupiga marufuku sisi. Ndiyo maana tumekuletea mwenyewe."

"Waliingia bila hodi!"

"Tuonyeshe mlango waliopaswa kubisha, tukawalaumu makaburini."

"Reli haina mlango, mwanamke!"

"Aa. Basi hiyo nyumba gani, Bwana? Hata banda la kuku lina mlango."

Waziri mmoja akapaliwa na halua. Sultani akamtazama, halua ikashuka yenyewe.

"Wangesimama kando, wakaita!"

"Waliita, Bwana. Mume wangu alikuwa haendi mahali bila kupiga kelele, mtaa mzima mashahidi. Asiyepiga hodi ni gari lako. Linapita katikati ya watu kimya kimya, kama mwizi wa kuku. Nalo lilikuwa na hodi yake, ukainyang'anya ulale."

"Askari! Kunjeni mikeka hii!"

Askari mmoja akaja, mbio mbio. Akafika kwenye mkeka, akasita. Mtu gani amvute mfiwa mkeka chini ya makalio? Akatazama huku na huku, akavua viatu, akakaa. "Poleni sana," akasema. "Wa nne alikuwa shemeji yangu."

Hapo Sultani akaanza kutoka jasho.

"Mtakaa mpaka lini?"

"Siku tatu kila maiti. Saba mara tatu, hesabu mwenyewe."

"Nina harusi Jumapili!"

"Hongera. Ila ngoma haipigwi penye tanga, Bwana. Labda binti yako aolewe kwa kunong'onezana."

Kina mama wakainamisha vichwa, mabega yakitikisika. Wengine walikuwa wanalia. Si wote.

Sultani akashuka kitini, akalainisha sauti, sauti ile ya mkubwa anayetaka kukudanganya.

"Bi Mashavu, mama yangu. Mimi si mtu mbaya. Lango nitajenga, filimbi nitairudisha. Baada ya harusi. Neno la Sultani! Wageni wakishaondoka tu. Haya, inukeni mwende zenu."

Wafiwa wengine wakaanza kutazamana. Mzee mmoja akashika ncha ya mkeka wake. Mashavu hakuinuka. Akauvuta ule mkeka wa pili aliokuja nao, akaukung'uta, akautandaza taratibu pembeni ya ile saba, karibu kabisa na kiti cha enzi. Ulikuwa mpya, umesukwa kwa rangi za harusi.

Sultani akahesabu kwa kidole. Akahesabu tena.

"Waliokufa si saba? Huu wa nane ni wa nani?"

"Wa mkweo, Bwana. Jumapili anakuja kuoa kwa tarumbeta na ngoma, hasikii la kulia wala la kushoto, na kutoka kwao mpaka hapa hakuna njia ila kuvuka reli. Nimeusuka mpana kidogo, binti yako apate pa kukalia matanga."