Hoza, Mbwa Wake na Siku Saba za Msituni

Kabla hujaituma hii kwa watu, isome kwanza. Nawajua nyie, mnarukia mwisho halafu mnajibu "kweli kabisa" wakati hamjasoma kitu. Mimi na shule tuliachana mapema, wala hatukugombana, lakini kuna mambo naweza kumfundisha hata mtu aliyevaa joho. Hili ni mojawapo.

Palikuwa na mfalme katika nchi ya milima, na nchi yake ilikuwa na mwiko mmoja wa ajabu. Ilikuwa marufuku kufunga mzigo wa safari kabla pembe ya mfalme haijalia. Ukifunga mapema, walisema, umekiita kifo kikufuate njiani. Pembe inalia alfajiri, hapo ndipo watu wanakurupuka kufunga, na jua likitokeza juu ya kilima lazima uwe umeshaondoka.

Sasa fikiria mwenyewe. Kila kiangazi mfalme alikwenda kupiga kambi msituni siku kumi, kuwinda na kupunga upepo, na wapagazi arobaini nyuma yake. Pembe ikilia, watu wanagongana vichwa. Huyu kabeba mto wa mfalme, yule naye kabeba mto wa mfalme, wa tatu kakumbatia kuku akidhani ni blanketi. Mwaka mmoja walifika kambini wakiwa na mito sita na hawana hata chembe ya chumvi. Mfalme mzima alikula nyama chapwa siku kumi.

Waliporudi, kijana mmoja aitwaye Hoza alikuwa amekaa kando ya njia na mbwa wake. Hoza alikuwa mtu wa maneno. Angekuwa na mdomo mdogo, hadithi hii isingekuwepo.

"Wapagazi arobaini," akasema, kwa sauti ya kusikika, "na chumvi imewashinda. Mimi na Makeke tungekaa huko siku saba, tukarudi tumenenepa."

Msafara ukasimama.

Makeke ndiye mbwa. Rangi ya majivu, sikio moja limekatika ncha. Mfalme alikuwa akimmezea mate mbwa huyo tangu mwaka juzi, Makeke aliponusa nyayo za chui aliyejeruhiwa kwa siku mbili mfululizo, huku mbwa wa mfalme wamelala mvunguni. Lakini Hoza hakuwa na mbwa wa mapambo. Aliishi na mama yake ukingoni mwa msitu, na nyani wa kule hawana adabu. Kilichowafanya wavune mahindi kila mwaka ni Makeke peke yake. Mbwa akiondoka, shamba limekwenda, na shamba likienda ni njaa.

"Rudia ulichosema," mfalme akamwambia.

Hoza angeweza kusema alikuwa anatania, yakaisha. Akarudia, neno kwa neno, na akaongeza la mito.

"Vizuri," akasema mfalme. "Pembe italia baada ya siku kumi na mbili. Utaingia msituni wewe na mbwa wako, siku saba. Ukitoka kabla ya hapo, au ukitolewa umebebwa, mbwa ni wangu."

"Na nikitoka kwa miguu yangu, Mtukufu?"

"Mbwa ni wako."

"Mbwa ni wangu hata sasa."

Watu wote wakainamisha vichwa wakatazama vidole vyao vya miguu. Waziri wa mfalme, Kaoneka, akakohoa. "Na mwiko ni ule ule, kijana. Usifunge hata kitambaa kabla ya pembe. Nitaweka watu wa kukutazama."

Nyumbani, mama yake alikuwa anapukuchua mahindi. Alipopata habari, aliongeza kasi.

"Umeweka rehani chakula chetu kwa sababu ya chumvi ya watu?"

"Mama, tulia. Nimeshashinda."

"Umeshinda lini? Hata hujaondoka."

"Ndiyo maana."

"Baba yako alikuwa na mdomo huo huo," mama akasema, "na mimi ndiye niliyekuwa nautafutia chakula."

Kuanzia kesho yake, kila asubuhi Hoza alitoka na kapu lililo wazi juu, halijafunikwa wala kufungwa, akaingia msituni kwa njia ya mashariki, Makeke akitangulia. Adhuhuri walirudi, kapu tupu. Watu wawili wa Kaoneka walikuwa wamekaa pale njiani. Walichungulia kapuni wakaona chungu, mihogo mikavu, vipande vya nyama iliyokaushwa moshini, chumvi kidogo kwenye jani. Fundo hawakuona hata moja. Kumfuata ndani hawakumfuata. Waliagizwa walinde mafundo, na mle ndani kuna siafu.

Wakapeleka taarifa: "Anakwenda kupika porini, anakula na mbwa wake."

Kaoneka alicheka mpaka akashika mbavu. "Anamaliza akiba yake yote. Siku ya pembe hatakuwa na cha kufunga."

Majirani nao hawakumwacha. "Hoza, leo tena mbwa kakualika chakula?"

"Kanialika. Wewe nani kakualika?"

Mama yake tu ndiye hakucheka. "Vyungu vyangu vinakwenda wapi? Nimebakiwa na kimoja. Kesho nikupikie kwenye kofia yako?"

Mfalme naye alijiandaa kwa namna yake. Aliagiza mkanda wa shingo ya mbwa, wa ngozi laini, wenye shanga nyekundu, na akapima ukubwa wake kwa kukisia.

Siku ikafika. Pembe ikalia, tena Kaoneka aliagiza ilie kidogo tu, kama mtu anayesafisha koo. Hoza alichukua kisu, blanketi, kibuyu cha maji na vijiti vya kupekechea moto, akafunga fundo moja. Jua halijatokeza, yeye yuko mbele ya mfalme, anapiga miayo.

Kaoneka akaufungua mzigo mwenyewe. Akaugeuza, akaukung'uta.

"Chakula kiko wapi?"

"Nitapewa na wenyeji."

"Wenyeji gani? Nguruwe?"

Watu wakacheka. Mfalme hakucheka. Usimdharau, hakuwa mjinga, alikuwa mvivu tu, na hayo ni mambo mawili. Akawaita wale watazamaji wawili.

"Siku zote hizi alikuwa akiingilia njia gani?"

"Mashariki, Mtukufu."

"Basi leo aingilie magharibi. Mzungusheni mlima, mkamwache huko."

Hapo tabasamu la Hoza likafutika. Na sasa nikwambie alichokuwa akifanya zile asubuhi kumi na mbili.

Alikuwa akichimba mashimo. Mashimo saba, kila shimo chungu kimoja cha mama yake, ndani yake chakula cha siku moja cha mtu na mbwa, mdomo umezibwa kwa udongo, juu yake mawe. Siku nyingine alikwenda kukagua tu. Mwiko ulikataza kufunga. Kufukia haukukutaja.

Ila vyote vilikuwa upande wa mashariki, na alama zake zote, mti huu, jabali lile, alizikariri akitokea mashariki. Ukiuendea msitu kutoka upande mwingine ni msitu mwingine. Wale watazamaji walipomwacha magharibi na kuondoka, Hoza alitazama miti, miti ikamtazama. Alijaribu kwenda kulia, akarudi. Akajaribu kushoto, akakuta bonde asilolijua. Mchana ukapita hajala. Akakaa juu ya gogo, akamshika Makeke sikio lile lililokatika ncha.

"Nimekuuza," akamwambia.

Makeke hana habari na mambo ya kuuzwa. Alikuwa na njaa. Akanyanyuka, akainua pua, akaanza kutembea kama mtu anayekwenda kwake.

Kumbe kila alipofukia chungu, Hoza alimpa mbwa kipande cha nyama pale pale ukingoni mwa shimo. Alimpa ili atulie, asimsumbue akichimba, basi. Hakuwa na hesabu nyingine. Ukimuuliza leo atakwambia alipanga yote tangu mwanzo. Usimwamini. Lakini kichwani mwa Makeke kila shimo lilikuwa meza yake, na mbwa hasahau alipokula, hata umzungushe milima mitatu.

Walivuka kijito, wakapanda mteremko wenye miiba, na kesho yake jua likiwa utosini Makeke akaanza kufukua. Mawe yakasogea. Chungu cha kwanza.

Kuanzia hapo ikawa karamu. Vyungu viwili nguruwe walikuwa wameshavifukua, lakini vitano viliwatosha, na matunda ya porini juu. Walijenga kibanda cha majani, wakaoga kijitoni, wakalala wameshiba.

Siku saba zilipotimia, mfalme alikwenda ukingo wa magharibi na watu wake, na machela ya kumbebea Hoza, na ule mkanda wa shanga mkononi. Mama yake Hoza alikuwepo pia, sauti imekauka kwa siku saba za kufukuza nyani peke yake. Jua likafika katikati, msitu kimya. Kaoneka akaanza kuwaagiza wabeba machela waingie.

"Mnamngoja nani?" mtu akauliza nyuma yao.

Wakageuka. Hoza alikuwa ametokea mashariki, akazunguka kwa njia ya kijijini kama mtu anayetoka sokoni. Mama yake alimtazama tumbo kwanza, ndipo akamtazama uso.

"Nani alikusaidia?" mfalme akauliza.

"Mbwa."

"Na nani mwingine?"

"Mtukufu, wapagazi wako huenda msituni mara moja kwa mwaka, siku ya safari yenyewe. Huyu alikwenda mara kumi na mbili kabla ya safari. Wao umewabebesha. Huyu nilijiandaa naye."

Neno la mfalme lilikuwa limesikika na watu wengi, hakuweza kulirudisha. Lakini moyo wake bado ulikuwa kwa mbwa. Akaomba paja la mbuzi wa kuchoma.

"Niache nimwite mara moja tu. Akikataa, sitamtaja tena."

Hoza alikuwa anamjua vizuri mbwa wake, nyama hajawahi kuikataa. Angeweza kung'ang'ania neno lile la kwanza la mfalme, lakini akamruhusu.

Mfalme akapiga magoti, mfalme yule, kwenye vumbi. "Makeke, njoo."

Makeke akaja. Alikula paja lote, taratibu, akavunja mfupa, akalamba vidole vya kifalme kimoja kimoja. Mfalme akatabasamu, akaupeleka mkanda shingoni mwake.

Makeke akapiga chafya. Akageuka, akaondoka mbio kuelekea shambani, hata Hoza hakumngoja, maana ilikuwa saa ambayo nyani hushuka kwenye mahindi. Mama akamfuata. Hoza akawafuata wote wawili akikimbia, na nyuma yao mfalme akabaki amepiga magoti na mkanda wake wa shanga.

Funzo: Siku ya safari si siku ya kujiandaa. Jiandae mapema, na utakayesafiri naye jiandae pamoja naye, kwa sababu siku njia itakapokupotea, ni yeye atakayeikumbuka.