Picha ya Ziwa

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Maana yake si ngumu: anayeficha ugonjwa hawezi kuuficha milele, kwani siku ya kufa kila mtu hujua alichokuwa akikifunika. Methali hii watu huisema kwa ukali, tena aghalabu maiti akiwa hajaoshwa, kana kwamba kuficha ni upumbavu mtupu. Lakini yapo maradhi yanayofichwa kwa haya, na yapo yanayofichwa kwa mapenzi, na hayo mawili ndiyo yaliyoingia katika nyumba ya Bi Mwanakheri.

Bi Mwanakheri alikuwa mzaliwa wa Pangani. Alifika London akiwa bi harusi, akafanya kazi ya kutunza wazee mpaka magoti yakamgomea, akamzika mumewe hukohuko, na sasa aliishi peke yake katika fleti ndogo mtaa wa Barking. Miaka yote ya ugenini haikumwondolea adabu aliyolelewa nayo. Viungo vya mwili alivitaja kwa majina ya staha. Titi kwake lilikuwa neno la watu wasiofunzwa; yeye, kama mama yake na bibi yake, alisema ziwa. Akisikia mtu analitaja vingine hugeuza uso, kama aliyepigwa na moshi wa kuni mbichi.

Binti yake wa pekee, Mardhiya, alizaliwa na kukulia London. Kiswahili alikielewa kama mtu aionavyo njia katika ukungu, hatua mbili tatu za mbele, basi. Alipokuwa na umri wa miaka tisa, katika harusi moja, aliulizwa mama yake yuko wapi, akajibu kwa sauti, “Mama anapika wageni.” Ukumbi mzima uliangua kicheko. Kina mama walicheka hadi machozi, wakaisimulia kauli hiyo harusi hata harusi. Hawakuwa na nia mbaya, lakini mtoto aliumia, na mkuki kwa nguruwe mtamu. Tangu siku hiyo alijifunza ujanja. Neno asilolijua alilipokea kwa tabasamu na “ndiyo, mama”, akaliacha lipite. Hakumwuliza tena mama yake maana ya neno lolote.

Alipokuwa mtu mzima, Mardhiya alihamia Kilburn, mtaa mwingine wa London, katika chumba cha kupanga, akafanya kazi ya ofisini iliyomkausha roho. Kilichomrudishia uhai ni darasa la uchoraji alilohudhuria jioni baada ya kazi. Mwalimu wake, mwanamke aliyeitwa Anne-Marie, kila kiangazi huwachukua wanafunzi kwenda kuchora nje kwa rangi za mafuta, kando ya ziwa moja kaskazini mwa Italia, chini ya milima yenye theluji. Mwaka huo Mardhiya naye alijiunga na safari hiyo. Basi ikawa kila akimpigia mama yake simu ni ziwa, ziwa, ziwa. Ziwa lina rangi kumi asubuhi. Ziwa limezungukwa na milima. Bi Mwanakheri alisikiliza, akafurahia furaha ya mwanawe.

Ikasadifu kuwa siku hizohizo, akioga, mkono wake uligusa uvimbe katika ziwa la kushoto, mdogo kama kokwa ya ubuyu. Hakumwambia mtu. Angemwambiaje daktari mwanamume, na Kiingereza chake kilikuwa kile cha chai, dawa na kitanda? Alimngoja mwanawe. Na Mardhiya alipopiga simu siku chache kabla ya safari, mama alijikaza, akashusha sauti japokuwa hakukuwa na mtu wa kusikia.

“Mwanangu, hili ziwa linanitia wasiwasi. Silali.”

Mardhiya alikuwa akifunga brashi zake katika kitambaa. Alijua mama yake ni mwoga wa safari, tena mwoga wa maji. Akatabasamu.

“Halina neno, mama,” akasema. “Nikirudi tutalitazama pamoja kwenye picha.”

“Kwenye picha?”

“Ndiyo, mama. Picha kubwa, nzuri.”

Msomaji, kama umepata kumpeleka mama wa Kiswahili hospitali, unajua kuwa picha si ile ya ukutani tu. Picha ni ile pia inayopigwa kwa mashine kuonyesha yaliyomo mwilini. Bi Mwanakheri alikata simu, akahisi mzigo umemtoka kichwani. Mtoto amesikia, tena atampeleka kupigwa picha. Usiku ule alilala fofofo.

Safari ilikuwa kama Mardhiya alivyoiota, na zaidi. Asubuhi waliteremka hadi ufukoni na viunzi vyao vya mbao vya kusimamishia picha, wakajipanga chini ya miti, kila mtu na turubai yake ya kuchorea na kibao chake cha rangi. Harufu ya tapentaini ya kuzimulia rangi ilichanganyika na ya majani yaliyolala na umande. Wadudu walinasa katika rangi mbichi, na upepo ukivuma walilazimika kuzishika picha zao kwa mikono miwili. Mardhiya alichora tangu asubuhi mpaka jua likamhama, akasahau kula. Lakini picha yake ilikataa kuwa hai. Alikuwa amepaka buluu chini, milima juu, na mashua katikati.

Anne-Marie alisimama nyuma yake kwa muda, kisha akamwambia kwa upole kwamba hayo hayakuwa maji. Alikuwa amepaka neno. Moyoni lipo neno linalosema maji ni buluu, na mkono umelitii bila jicho kuulizwa. “Acha unachokijua,” akamwambia. “Tazama kilichopo.” Mardhiya akatazama, na kweli, maji hayakuwa buluu hata kidogo. Yalikuwa ya kijani na ya kahawia, na palipoangukia kivuli cha mlima yalikuwa meusi. Akaikwangua picha yote, akaanza upya. Somo hilo alilielewa kwa macho. Ole wake, masikio hayakuwapo darasani.

Mama alimpigia simu akiwa palepale ufukoni. Walisalimiana, kisha sauti ya Bi Mwanakheri ikapungua nguvu. Alisema, “Mwanangu, ziwa limejaa.”

Mardhiya aliyatupia macho maji. Mvua ilinyesha jana yake, na kweli ziwa lilikuwa limepanda hadi kwenye mizizi ya miti. Alidhani mama yake ameona utabiri wa hali ya hewa katika televisheni, akaguswa kwamba anafuatilia mvua za nchi ya watu kwa ajili yake.

“Litashuka lenyewe, mama. Usijali.”

“Haya, mama. Furahi na wenzio.”

Mtu angesikia mazungumzo hayo bila kujua mwisho wake angecheka. Waliokuwa wakizungumza hawakucheka. Mmoja alirudi kwenye picha yake, na mwingine akarudi kitandani, akajifunika.

Aliporejea London, Mardhiya alikwenda Barking moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege. Picha alikuwa ameilaza katika sanduku la mbao, kwani rangi ya mafuta haikauki upesi. Alimkuta mama yake amekaa kitini, amevaa baibui lake jipya, viatu miguuni, mkoba mapajani. Mardhiya alidhani amejipamba kwa ajili ya kumpokea. Akamwamkia shikamoo, akambusu mkono, akafungua sanduku.

“Mama, nimekuletea picha ya ziwa.”

Bi Mwanakheri aliitazama. Aliitazama kwa muda mrefu, akatazama na uso wa mwanawe, uliokuwa uking'aa kwa furaha ambayo hakuwa ameiona kwake tangu utotoni.

“Hii ndiyo picha?”

“Ndiyo, mama.”

“Nzuri,” akasema. “Maji yake yametulia.”

Kisha akavua baibui, akalikunja vizuri, akaenda jikoni kupasha moto chakula.

Hapo ndipo angesema. Alikuwa na mdomo, alikuwa na mtoto aliyempenda, na neno lilikuwa moja tu. Lakini furaha ile ilimtia haya ya kuivunja, na zaidi ya haya ilikuwamo hofu, maana siku zile za kungoja uvimbe ulikuwa umekua, na akili yake ilikwisha ambiwa na mkono wake habari asiyotaka kuisikia. Akanyamaza. Watu husema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo ulikuwa njiani.

Majira yalibadilika, majani yakaanza kupukutika, na siku moja Mardhiya, akimsaidia mama yake kufua, aliona doa katika kanga, upande wa kifuani. Aliuliza, akajibiwa ni mchuzi. Hakuridhika. Safari hii alimshika mama yake mkono, akampeleka hospitali.

Huko waliulizwa kama wanahitaji mkalimani. Mardhiya akasema hapana, atatafsiri mwenyewe. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, aliuliza tatizo ni nini. Bi Mwanakheri aliweka kiganja chake juu ya kifua, upande wa kushoto, akainamisha macho.

“Mwambie ni hili ziwa.”

Mardhiya alifungua kinywa kutafsiri, na neno la Kiingereza lililomjia ulimini lilikuwa la maji. Halikutoka. Aliutazama mkono wa mama yake pale ulipolala, na maneno yote ya kwenye simu yakamrudia moja moja. Hili ziwa linanitia wasiwasi. Ziwa limejaa. Na majibu yake mwenyewe: halina neno, litashuka lenyewe. Ilibidi daktari arudie swali lake.

Halafu daktari akauliza kama mgonjwa alimwambia mtu yeyote alipouona uvimbe kwa mara ya kwanza. Mardhiya alitafsiri swali hilo huku akitazama sakafu.

“Mwambie sikumwambia mtu,” akasema Bi Mwanakheri.

Ulikuwa uwongo, na wote wawili walijua. Mardhiya aliutafsiri neno kwa neno.

Picha zilipigwa, za mashine sasa, na majibu yakaja. Maradhi yalikuwa yameshafika kwenye mapafu. Madaktari walifanya walichoweza, na kilikuwa kidogo.

Katika siku zile za wodini, Mardhiya alikuwa na jambo moja tu la kumwambia mama yake. Mama, sikukupuuza. Sikulijua neno. Nilidhani unazungumzia maji. Kila akikaa kando ya kitanda jambo hilo lilimpanda hadi kooni, na kila mara alikisikia kicheko cha ile harusi, akalimeza. Msichana mkubwa, mwana wa Bi Mwanakheri, hajui jina la ziwa alilonyonya. Aliona ni aibu isiyosemeka. Na huku akiificha aibu hiyo, aliungua kwa wazo kwamba mama yake anakufa akiamini mwanawe alisikia, akaenda zake kustarehe. Alimlisha uji, akamchana nywele, akamkanda miguu. Neno hakulisema. Akajiambia atalisema kesho, mama akipata nguvu kidogo. Asubuhi moja ya baridi kali hospitali ilipiga simu, na kesho ikawa haipo tena.

Siku ya tatu ya matanga wanawake walijaa katika fleti ya Barking, viatu vimerundikana mlangoni. Picha ya ziwa ilikuwa ukutani, mahali alipoitundika marehemu mwenyewe. Baada ya dua mama mmoja aliinua macho akaitazama, akamwambia jirani yake, kwa ile sauti ya chini inayosikika na kila mtu, kwamba watoto wa Ulaya ndivyo walivyo: mama anaugua, mwana yuko kwenye maziwa huko anachezea rangi.

Mardhiya alisikia. Safari hii aliyaelewa maneno yote.

“Aliniambia,” akasema, na Kiswahili chake kikamtoka kimevunjikavunjika, wala hakujali. “Aliniambia mara mbili, kwa simu. Alisema ziwa. Mimi sikujua. Nilijua ziwa ni maji tu.” Akalia kwa sauti. Hapakuwa na aliyecheka.

Bi Riziki, shoga wa marehemu tangu walipokuwa wakitunza wazee pamoja, alisogea akamshika kichwa, akakilaza mapajani mwake.

“Alijua kuwa hukulielewa neno, mwanangu,” akasema. “Alijua tangu siku ile ulipomletea hiyo picha. Aliniambia wodini, akaniapisha nisikwambie.”

“Kwa nini hakuniambia yeye?”

“Alisema akilitaja yeye jambo hilo utazidi kujilaumu. Alisema, ‘Riziki, tangu walipomcheka kwenye ile harusi mwanangu haniulizi neno. Siku atakayoniuliza, nitamwambia yote.’ Alikuwa anakungoja umwulize.”

Mardhiya aliinuka, akaiendea picha. Aligusa mahali alipokuwa amepaka rangi nzito, palipo na kivuli cha mlima, na kidole chake kikadidimia. Juu palionekana pamekauka zamani, lakini chini rangi ilikuwa bado mbichi. Alisimama hapo na kidole chenye rangi nyeusi, na wanawake wakamwacha alie mpaka aliponyamaza mwenyewe.

Mama alificha ugonjwa wa mwili, na mwana akaficha ugonjwa wa ulimi, kila mmoja akidhani anamhurumia mwenziwe au anajistiri nafsi yake. Ilihitajika swali moja dogo, mama, ziwa ni nini, na halikuulizwa mpaka mwenye kujibu akawa mchangani. Hakika waliosema hawakukosea: mficha maradhi kifo humuumbua.