Moto wa Mghoi

Mwanamke mmoja, Mghoi, alikuwa na nyumba penye lango la kijiji cha mlimani. Yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wa lango, na desturi ya huko ilikuwa hivi: mwizi akikamatwa, hufungiwa ndani ya nyumba ya mlinzi mpaka vijana warudi kutoka malishoni wamtoe.

Mekoni mwake Mghoi aliwasha gogo moja gumu. Liliwaka polepole, bila mwali mkubwa, likapika na kupasha nyumba joto, na kuni hazikupungua upesi. Kwa hiyo alikuwa na akiba nzuri, na mitungi ya samli ilijipanga ukutani.

Siku moja alimkamata mwizi mwembamba, akamfungia. Mwizi hakupiga kelele wala hakuomba kuachiwa. Alikaa nyuma ya mitungi kama mkwe aliyekuja kusalimia. "Mama, moto wako una adabu," alisema. Mghoi akacheka, akaongeza mtungi mwingine wa samli ukutani.

Lakini Mghoi alikuwa mtu wa kujiuliza. Kwa nini mfungwa ananenepa? Kwa nini samli inapungua? Na kwa nini, asubuhi za baridi, mtu huyu anajitenga na meko badala ya kusogea karibu?

Jirani yake, Wakesho, alikuja kuomba kaa la moto, na kwa bahati mbaya akaangusha mabua makavu mekoni. Mwali ukaruka. Mghoi alimwona mfungwa akijikunyata na kujifunika uso. Mwali ulipolala, akatulia tena.

Mghoi alitoka uani, akarudi na mzigo mzima wa mabua, akausukuma mekoni.

"Shoga, una wazimu?" Wakesho alisema. "Unapika harusi ya nani? Huo ni moto wa kumaliza kuni zote!"

Ni kweli, ulikuwa moto wa hasara. Ulikula vingi, ukapika kidogo. Lakini ulitoa mwanga, na nyuma ya mitungi likaonekana shimo ukutani, limebakiza kidogo tu litokee nyumbani kwa Wakesho.

"Mama, nakuonea huruma," mfungwa alisema kwa upole. "Kuni zako zitakwisha."

Mghoi alishika mzigo wa pili, akamtazama. "Tangu lini mfungwa akalilia kuni za mlinzi wake?"

Akautia motoni. Moshi ukapanda juu ya paa, vijana wakauona kule malishoni, wakaja mbio wakamtoa mwizi. Walipokwisha kuondoka naye, Mghoi aliondoa mabua na kurudisha gogo lake, maana mwali ule ungekaa muda mrefu ungeshika paa.

Nyumba hiyo imo kifuani mwetu. Wamo humo walinzi wadogo wasioonekana kwa macho, yaani seli za kinga, ambao humeza kijidudu cha kifua kikuu na kukifungia ndani yao. Nacho hupenda waendelee na moto wa kila siku, yaani kuchoma chakula chao polepole, ili kipate kula mafuta yao kimyakimya. Wakigeukia moto wa mabua, yaani kuchoma sukari kwa pupa na kwa hasara, hukibana vizuri zaidi. Basi siku utakaposifiwa kwamba moto wako una adabu, je, utageuka kutazama anayekusifu amekaa wapi?