Siku Shemweta Aliponyoosha Mkono

Mtu mmoja alikuwa na kiwanda cha filamu, na nusu ya mji ilikula kwake. Jina lake Sefu Mkomwa. Maseremala walimjengea nyumba zenye kuta za mbele tu, nyuma hakuna kitu. Washonaji walimshonea mavazi ya wafalme. Watu wa taa walikaa juu ya majukwaa kutwa nzima, wakiungua kwa joto, ili nyuso za wengine zing'ae. Siku hizo filamu ilikuwa bado kitu kigeni. Watu walikwenda sinema wakalia, na kesho yake wakarudi kulia pale pale. Lakini waliozitengeneza hakuna aliyewajua, na alipoumia mmoja wao alirudishwa kwao na mwingine akaitwa.

Miongoni mwa hao alikuwamo mpiga picha aitwaye Shemweta. Hakuwa msemaji sana, ila aliposema watu walinyamaza kumsikiliza. Mtu mmoja wa taa alipoanguka kutoka jukwaani akavunjika nyonga, Shemweta ndiye aliyekwenda kwa Bwana Mkomwa kumwombea. Alirudi mikono mitupu. Tangu siku ile wafanyakazi wakaanza kuzungumza habari ya chama chao wenyewe, chama kitakachosema na tajiri kwa niaba ya wote, kuanzia mwigizaji mwenye jina hadi mfagizi. Wakamwambia Shemweta, "Wewe ndiye utakayetusemea." Akakubali. Alikubali kwa moyo wake wote, na hilo tumpe haki yake.

Habari zikamfikia Mkomwa. Hakufoka, wala hakumfukuza mtu. Aliwaalika wenye viwanda wenzake kwa chakula cha mchana, na walipokwisha kunawa akawaambia kwamba umefika wakati watu wa filamu wawe jamaa moja. Wakaunda Baraza la Filamu. Ndani yake waliwekwa matajiri na wafanyakazi pamoja, kana kwamba wamezaliwa na baba mmoja. Baraza litasikiliza malalamiko ya kila mtu, walisema. Na kila mwaka litatoa tuzo kwa waliofanya kazi bora: sanamu ya mtu aliyesimama wima, mdomo umefumbwa.

Kisha akamwita Shemweta ofisini, akamkaribisha kiti.

"Ndugu yangu," akamwambia, "chama cha nini tena, na baraza lipo? Nataka uwe mmoja wa majaji wa tuzo. Watu wanakuamini, na mimi nakuamini."

Miaka yote aliyofanya kazi pale Shemweta hakuwahi kukaribishwa kiti katika chumba kile. Alitoka akijisikia mrefu kuliko alivyoingia. Aliwakuta wenzake wakimngoja uani, akawaambia, "Tuone kwanza hili la baraza. La chama tutalirudia." Nao wakaona ni sawa, maana ni yeye aliyesema.

Utaratibu ulipotangazwa kiwanda kizima kilichangamka kama nyumba yenye harusi. Kila mtu atapendekeza aliye bora katika kazi yake: waigizaji wataje waigizaji, waongozaji wataje waongozaji, wapiga picha vivyo hivyo. Na filamu bora kuliko zote itapendekezwa na watu wote, hata wa taa, hata washonaji. Majina yatachujwa na kamati ndogo hadi yabaki machache, na hayo machache yatawekwa mbele ya majaji watano. La majaji ndilo la mwisho. Hakuna aliyeuliza ilikuwaje wengi wapendekeze na watano waamue. Watu wale hawakuwahi kuulizwa neno tangu waanze kazi, na kule kuulizwa tu kuliwashibisha. Ikawa asubuhi ni tuzo, jioni ni tuzo. La chama likalala.

Mwaka ule kulikuwa na filamu moja iliyowagusa watu kuliko nyingine zote. Iliongozwa na Tunu Hoza, mwanamke aliyeanza kazi pale kwa Mkomwa kama mshonaji, akapanda taratibu kwa akili yake hadi akapewa filamu ya kwake. Hakutaka wafalme. Aliwapeleka waigizaji na kamera kwenye mashamba ya chumvi nje ya mji, akasimulia habari ya mume na mke wachota chumvi wanaofiwa na mtoto na kesho yake wanarudi kazini, kwa kuwa msimamizi hawezi kuwangoja walie. Shemweta ndiye aliyeipiga picha. Alisimama kwenye matope hadi magotini, chumvi ikamtafuna miguu, na kila jioni Tunu alimletea maji ya moto na kumwambia, "Vumilia, kaka. Watu watajiona."

Na kweli walijiona. Wanaume waliokwenda sinema kupoteza wakati walitoka wakiwa kimya. Lakini Mkomwa hakuipenda. Alikuwa amemwamuru Tunu amponye mtoto mwishoni, ili watazamaji watoke wakicheka, naye Tunu akakataa. Isitoshe, baadhi ya mashamba yale ya chumvi yalikuwa ya shemeji yake.

Mapendekezo yalipokusanywa, filamu ya chumvi ilitajwa na watu wa kila kazi, wa kiwanda cha Mkomwa na wa viwanda vingine. Kamati haikuwa na la kufanya ila kuipitisha. Iliyoifuata kwa mbali ilikuwa filamu ya kiwanda cha jirani, ya mwana wa sultani na farasi wake, yenye majumba mengi na nyimbo nyingi.

Majaji wakakutana alasiri moja katika chumba cha juu cha baraza. Shemweta alikuwa amevaa koti lililopigwa pasi na mkewe kwa uangalifu. Alikwenda akijua atakachosema. Walikuwa wameanza tu kuzungumza, na wote watano wakielekea kwenye filamu ya chumvi, mlango ulipofunguliwa na Mkomwa akaingia. Hakuwa jaji. Alisema amepita tu kuwasalimia. Nyuma yake ikaja chai na sambusa, naye akavuta kiti akaketi, na hakuna aliyeona ni adabu kumwambia atoke.

"Nasikia mnataka kunipa mimi," akasema.

"Si wewe, bwana," akajibu Mwanasiti, mwigizaji mtu mzima aliyekuwa mmoja wa majaji. "Ni Tunu."

"Tunu yuko kiwandani kwangu. Baraza nimelianzisha mimi. Mkimpa yeye, mji mzima utasema Mkomwa kajipikia kajipakulia. Mimi sitaki aibu hiyo. Wapeni jirani zangu. Niacheni mimi nikose, ili tuzo iheshimike."

Akaweka mkono kifuani alipokuwa akisema hayo. Jaji mmoja akatikisa kichwa kwa kustaajabia unyenyekevu ule. Wa pili naye akasema kwamba si kila tajiri angeweza. Lakini Mwanasiti akaisukuma sahani ya sambusa mbele yake.

"Unagawa kisicho chako, bwana," akasema. "Si wewe uliyesimama matopeni."

Mkomwa akaomba kura ipigwe kwa kunyoosha mikono, maana, alisema, sisi sote hapa ni ndugu. Wawili wakanyoosha kwa farasi wa sultani. Wawili, Mwanasiti na mzee mmoja mwandishi wa michezo, wakanyoosha kwa chumvi. Macho yote yakamgeukia Shemweta.

Yeye aliona kila kitu. Aliona kwamba mtu huyu anaitupa filamu asiyoipenda, na papo hapo anajichumia sifa ya uadilifu. Aliona kwamba neno moja tu kutoka kwake linatosha. Neno lilikuwapo, lilikuwa limefika hadi kwenye ulimi. Ndipo Mkomwa akamtazama kwa upole na kusema, kama anayekumbuka jambo dogo, "Ile ya mpiga picha bora nadhani haina ubishi. Hata mimi siwezi kuipinga." Akamwongezea chai.

Shemweta akajiambia kwamba tuzo ni sanamu tu. Akajiambia kwamba akiudhi watu leo hatakuwamo chumbani humu kesho, litakapokuja jambo kubwa, la majukwaa na la watu wa taa, na asipokuwamo nani atawasemea? Akajiambia kwamba Tunu ni mwelewa. Mtu anayetaka kuanguka hakosi sababu za kuinama. Akanyoosha mkono wake kwa farasi wa sultani.

Mwanasiti hakumtazama tena alasiri ile, wala siku nyingine yoyote.

Magazeti yaliandika matokeo siku nyingi kabla ya sherehe. Yalimsifu Mkomwa kwa kurasa nzima, tajiri aliyeinyima nyumba yake mwenyewe tuzo kwa ajili ya haki. Sherehe yenyewe ilikuwa mlo mrefu na utoaji mfupi. Watu walipomaliza kula nyama washindi waliitwa haraka haraka, mmoja baada ya mwingine, wakapeana mikono na Mkomwa, wakarudi kukaa kabla kahawa haijapoa. Shemweta aliitwa pia. Mpiga picha bora, wa filamu ya chumvi. Watu wa taa, waliosimama ukutani kwa kuwa viti havikuwatosha, walimpigia makofi kuliko mtu mwingine yeyote. Tunu naye alipiga makofi, amesimama.

Walipokuwa wakitoka alimsogelea, akampa mkono wa pongezi. Hakuwa na hasira. Alikuwa na swali, na alimuuliza kama dada anavyomuuliza kaka yake.

"Shemweta, mle ndani ulisema neno?"

Sanamu ilikuwa kwapani mwake. Angeweza kusema hapana. Angeweza kusema niliogopa, na pengine wangelia pamoja yakaisha.

"Ilikuwa kura ya siri, Tunu," akasema.

Tunu akaitikia kwa kichwa. Akajitanda ushungi wake vizuri, akaenda zake.

Filamu isiyopata tuzo ya filamu bora haikuwa na haki ya kudai ukumbi wa sinema. Ya Tunu ilionyeshwa wiki chache zaidi, kisha Mkomwa akaziuza nakala zake kwa watu wanaochemsha mikanda kutoa madini ya fedha yaliyomo ndani. Hakuna mtu atakayeiona tena. Mkomwa akampa Tunu aongoze filamu nyingine, ya wafalme na farasi, akaikataa. Baadaye alionekana katika mji mwingine, akishona nguo za watoto wa shule. Waliompitia dukani wanasema alikuwa fundi mzuri, na hakupenda kuulizwa habari za sinema.

Miaka ikapita. Watu walinung'unika kwamba majaji watano ni wachache mno, na Baraza, likionekana sikivu, likawapa wanachama wote haki ya kupiga kura hadi mwisho. Ikasherehekewa. Lakini matajiri walikwishajua la kufanya. Kila mwaka, asubuhi ya kupiga kura, kila kiwanda kiliwakusanya watu wake uani na kuwaambia ni filamu ipi inayowalisha. Kule kwa Mkomwa aliyewekwa mbele kuwaeleza alikuwa Shemweta. Alisema kwa sauti yake ile ile tulivu, na watu, kwa mazoea, wakanyamaza kumsikiliza. Wakapiga kura kama walivyoelezwa. Kiwanda chenye watu wengi kilikuwa na filamu bora, na kikipata watu wengi zaidi, filamu zake zilizidi kuwa bora.

Watu waliokuwa wakizungumza habari ya chama sasa walizungumza habari ya nani kapendekezwa na nani kaachwa. Maseremala waliwaonea wivu washonaji. Wapiga picha wawili waliokuwa wakila sahani moja waliacha kusalimiana. Juu ya majukwaa watu waliendelea kuungua.

Siku moja watu wa taa walimfuata Shemweta nyumbani. Jukwaa lilikuwa limeporomoka, na safari hii mtu alikuwa amekufa. Wakasimama sebuleni kwake, kofia mikononi.

"Baba," akasema aliyekuwa mkubwa wao, "wewe uko barazani. Tusemee."

Shemweta akafungua kinywa. Alitaka kusema. Aliyatafuta yale maneno aliyokuwa nayo zamani, siku aliyokwenda kwa tajiri kumwombea mtu wa nyonga, na hakuyapata. Hayakuwa yamezuiwa na mtu. Hayakuwamo tu. Alichokipata ni maneno mengine, laini, yaliyokuja yenyewe.

"Leteni jambo lenu barazani kwa utaratibu," akawaambia. "Litapigiwa kura."

Wakamshukuru, wakavaa kofia zao, wakaondoka kumzika mwenzao.

Ninyi mnaonisikiliza, mnaofurahi mkiitwa kutaja majina na kunyoosha mikono, nawauliza jambo moja tu: mtu akikupa kura ili akuchukulie sauti, siku ya msiba wako utalia na nini?