Mtoto Apakatwe na Nani?

Hapo zamani za kusaga ulezi kwa jiwe, huko milimani alikuwako Aikande, mzazi mpya. Na binti yake alinyonya, jamani! Alinyonya mpaka masikio yanacheza!

Mama mkwe wake, Bibi Ndekusara, alikuwa hana mchezo na miiko. "Mzazi ni uji wa ulezi na ndizi basi! Maharage hapana, mayai hapana, mboga ya mnafu hapana! Mtoto atasokotwa na tumbo." Wala hakuishia kusema. Alisaga mwenyewe, akapika mwenyewe, akamnywesha Aikande kwa mkono wake, na kuni hakumwachia aguse.

Mtoto akanenepa. Mashavu hayo! Bibi akapita kwa majirani akitamba, "Mmeuona uji wangu?" Mama mtu hakuna aliyemwangalia. Alikonda, nywele zikamtoka, akisimama anaona kizunguzungu. Mtoto alichukua chake kwanza, mama akala makombo ya mwili wake mwenyewe.

Mara siku moja, puu! Aikande akaanguka jikoni na mtoto mikononi, kando ya moto! Wifi yake Namsifu akaruka, akamdaka mtoto hewani. Moyo wangu!

Tangu hapo Namsifu akawa anapitisha chakula dirishani, kimefunikwa jani la mgomba. Leo maharage, kesho mayai, keshokutwa mnafu. Aikande alikula huku akimtazama mtoto: atalia? Mtoto akacheua, akalala zake. Nguvu zikamrudia mama, hata akaanza kuimba!

Ikafika siku ya jina. Desturi ya kule, mama humpakatisha mtu mmoja mtoto, na jina la huyo ndilo la mtoto mpaka kufa. Asubuhi hiyohiyo Bibi akafagia uvunguni mwa kitanda cha Aikande, akakuta maganda ya mayai. Moto ukawaka!

"Mmenidanganya ndani ya nyumba yangu!" akafoka. "Nani alisaga mpaka viganja vikachubuka? Mtoto alinenepa kabla ya hayo mayai yenu. Nipe nimpakate!"

"Mama, nisamehe," akasema Namsifu, "lakini uji wako ulimwona mtoto, mama yake haukumwona. Nisingekuwapo, leo tungekuwa tunampa jina yatima. Nipe nimpakate!"

Aikande akamkumbatia mwanawe. "Mama, ulinipikia, ahsante. Wifi, uliniokoa, ahsante. Lakini aliyeliwa ni mimi. Na ni mimi niliyevunja mwiko, kila tonge nikidhani namuua mwanangu. Mimi nimpakate, achukue jina langu!"

Bibi katandika kanga mapajani. Namsifu katandika yake. Aikande hataki kumwachia mtoto. Na mtoto mwenyewe, hana habari, kaanza kutafuta ziwa.

Haya, nyie mnaocheka huko nyuma, hebu nyamazeni mnijibu: je, kati ya hao watatu, nani alistahili kumpakata?