Atakayempata Baba wa Bibi Aisia

Kaeni vizuri, na mwenye haraka aondoke sasa, maana mwisho wa kisa hiki kuna kazi nitawaachia. Ni kisa cha familia moja ya Uchagani, huko juu kwenye migomba na kahawa, na mimi naona haya kukisimulia ingawa si ukoo wangu.

Bibi Aisia alikuwa na wajukuu watatu, na kila mmoja alijaliwa chake. Elinami alijaliwa masikio. Angeweza kukaa na mzee tangu asubuhi mpaka jioni bila kumkatiza, na wazee wakamwambia mambo ambayo hata watoto wao hawakuyasikia. Ndelilio alijaliwa kusoma. Masista walimfundisha Kijerumani, na ule mwandiko wa zamani unaoumiza macho ya wengine yeye aliusoma kama gazeti. Aikunda alijaliwa kukumbuka sura. Alikuwa akikutana na mgeni sokoni, anamwambia, "Wewe ni wa kwa akina fulani, paji hilo nalijua," na hakosei.

Bibi mwenyewe alikuwa na pengo moja maishani. Mama yake alikuwa mpishi wa walowezi wa Kijerumani kabla ya Vita Kuu ya Pili, na baba yake alikuwa mmoja wa Wajerumani hao. Yupi? Hakuna aliyejua. Vita vilipoanza walowezi walikamatwa wakaondolewa, Aisia akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na mama yake akafa bila kutaja jina. Ukoo ulipokutana na kila mtu akamtaja baba yake, Bibi alitazama chini.

Wajukuu hawakutazama chini hata kidogo. Kwenye kila arusi ilikuwa lazima mmoja wao ashike kipaza sauti aseme kwamba wao ni damu ya Ujerumani, na kwamba kihamba chao, lile shamba la ukoo lenye migomba na makaburi ya baba zao, walipewa na Mjerumani mwenyewe kwa mapenzi. Watu walipiga makofi. Na wao walikuwa weusi kama mimi na wewe.

Basi Krismasi moja, watu wote wakiwa wamerudi nyumbani, Bibi aliwaita hao watatu.

"Nimezeeka," akasema. "Atakayempata baba yangu, Krismasi ijayo nitamchinjia mbuzi. Kidari kitakuwa chake, na yeye ndiye atakayesimama mbele ya ukoo kulitaja jina."

Kusimama mbele ya ukoo si jambo dogo. Aliyesimama anakumbukwa hata na ambao hawajazaliwa, kwa hiyo wote watatu walilitamani.

Elinami alikwenda kwa Mzee Nderingo, ambaye utotoni alichunga ng'ombe wa walowezi. Hakumuuliza kitu. Walizungumza habari za mbuzi, za mvua, za mbege, ile pombe ya ndizi, ya siku hizi isiyo na nguvu, mpaka siku moja mzee akasema mwenyewe kwamba mama yake Aisia hakuwahi kupika kwingine ila kwenye nyumba ya ndugu wawili, karibu na mto. Bila Elinami wangekuwa wanamtafuta mtu mmoja kati ya Wajerumani wote wa mlimani.

Ndelilio alichukua cheti cha ubatizo cha Bibi. Mahali pa jina la baba mchwa walikuwa wamekula, wakabakiza mkia wa jina la ukoo na jina la kijiji cha huko Ujerumani. Wengine waliona takataka. Yeye alitoka na jina kamili la ukoo, akaandika barua kwa kanisa la kijiji hicho, na kila waliponyamaza akaandika tena. Mwishowe wakamjibu. Ndugu hao waliitwa Gottlob na Albrecht, lakini kumbukumbu nyingi ziliungua vitani na hakuna iliyosema ni nani aliyeacha mtoto Afrika. Ndani ya bahasha waliweka picha moja ya ndugu hao iliyopigwa huku kwetu, wakaeleza kwamba yule mfupi ni Albrecht. Bila Ndelilio wangebaki na nyumba isiyo na watu.

Aikunda aliipeleka picha mlangoni penye mwanga. "Huyu mfupi," akasema. "Tazameni sikio lilivyojikunja. Tazameni nyusi. Mvalisheni kitenge, ni Bibi." Bibi alipoletewa picha hakuhitaji kuambiwa ni yupi. Aliugusa uso wa Albrecht kwa kidole, akalia. Bila Aikunda wangekuwa na baba wawili, na baba wawili ni sawa na kukosa.

Kisa kingeishia hapo, tungekula mbuzi. Ila Aikunda hakuirudisha picha. Nyuma ya wale ndugu palikuwa na nyumba iliyobomolewa, na kando yake mwanamume ameketi chini na vyungu vyake. Uso huo Aikunda aliujua. Ulikuwa uso wa Mzee Ndesario.

Mzee Ndesario anaishi chini, kwenye ukame. Kila kiangazi hupanda mlima kuomba majani ya migomba kwa ajili ya ng'ombe wake mmoja. Watu wa Bibi Aisia walimsimamisha nje ya ua. Mara nyingine walimwambia aje kesho, na kesho akaja. Alisema asante, hakuwahi kusema zaidi.

Elinami alirudi kwa Mzee Nderingo na ile picha, na safari hii aliuliza.

"Huyo ni baba yake Ndesario," mzee akajibu. "Kihamba chenu kilikuwa chake. Albrecht alimtoa kwa viboko, akamweka hapo mama yake Aisia. Ninyi mlikuja kutafuta baba. Hamkuniuliza kihamba kilikuwa cha nani."

Aibu iliwashika wote watatu. Walikumbuka zile hotuba za arusini na yale makofi. Aikunda alishindwa kula, Ndelilio aliificha picha chini ya nguo, na Elinami, mwenye masikio, hakutaka kusikia lolote. Lakini Bibi aliwabana mpaka wakamwambia.

Krismasi ikafika, mbuzi akachinjwa, ukoo ukajaa uani. Bibi aliketi na jani la isale mkononi. Uchagani ukimkosea mtu unampelekea isale, naye akiletewa hawezi kukufukuza, lazima akusikilize.

"Aliyempata baba yangu asimame," akasema Bibi. "Amtaje pamoja na alichokitenda. Kisha ashuke na isale hii kwa Ndesario kwa niaba yangu, maana miguu yangu haifiki, na Ndesario ni mgonjwa."

Habari zilikuwa zimeshaenea, na kila mtu alijua kwamba baada ya isale yatafuata mazungumzo ya kukirudisha kihamba, makaburi yakiwamo.

Mwezi mmoja kabla walikuwa wakigombana, kila mmoja akidai yeye ndiye aliyempata. Sasa Elinami akasema yeye alileta habari za nyumba tu. Ndelilio akasema yeye alipata majina mawili, aliyechagua ni mwingine. Aikunda akasema bila ile picha angeona nini, na picha aliileta Ndelilio.

"Kidari mlikitaka," Bibi akawaambia. "Jani hili mnatupiana."

Shangazi mmoja akashauri waende wote watatu. Bibi akakataa. Alisema watatu wakifika kwa Ndesario, kila mmoja atangoja mwenzake aanze, na yule mzee atakufa akiwatazama.

Mkono wa Bibi bado umenyooshwa na jani lile. Elinami alisikia, Ndelilio alisoma, Aikunda aliona. Nawe unayenisikiliza, ungemkabidhi nani isale ile? Taja mmoja, na utuambie ni kwa nini si wale wengine.